Bunduki ya .22: Kazi ya Mwenyewe na Kazi ya Fundi

Bunduki ya .22 ya risasi moja moja ikianza kukosa shabaha, baadhi ya wenye leseni hukimbilia kuchonga kifyatulio nyumbani. Hiyo ni hatari. Kifyatulio kilicholegezwa kupita kiasi kinaweza kuachia risasi bunduki inapoanguka tu, na risasi hiyo ndogo husafiri zaidi ya kilomita 1.

Mara nyingi kasoro huwa ndogo. Baada ya kuhakikisha bunduki haina risasi, mwenyewe anaweza kukaza skrubu zinazoishikilia kwenye ubao wake na kusafisha mtutu. Katika uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, anaweza pia kulinganisha risasi za aina mbalimbali, kwani si kila aina huufaa kila mtutu. Asifyatue bunduki tupu, kwa sababu pini inaweza kugonga ukingo wa chumba cha risasi na kuuharibu.

Kifyatulio, pini na mtutu vikihitaji marekebisho, apelekewe fundi aliyesajiliwa. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, anayefanya biashara ya kutengeneza bunduki bila usajili anavunja sheria.