Lupasi na Damu ya Ukoo

Mama anapougua lupasi, swali la kwanza nyumbani huwa ni hili: je, binti zake nao watapatwa? Mara nyingi swali hilo hufuatwa na lawama, na jamaa wa mume huanza kuhesabu makaburi ya upande wa mke.

Lupasi ni maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, hata moyo. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Kwamba urithi umo, hakuna ubishi. Lakini wataalamu waliochunguza mapacha wa kufanana kabisa, ambao chembe zao za urithi ni zile zile, waliona kwamba pacha mmoja akiugua, mwenzake huugua katika jozi moja tu kati ya tatu au nne. Lau urithi ungetosha, wangeugua wote wawili daima. Mtoto basi hurithi wepesi wa kupatwa, wala si ugonjwa. Jua kali, homoni na baadhi ya virusi huchangia. Watoto walio wengi wa wagonjwa hawaupati kamwe.

Chembe zinazohusika zinazidi mia moja, na nyingi zina mchango mdogo. Zipo chache zenye nguvu ya kutisha. Mwaka 2022 jarida la Nature lilieleza habari za msichana wa Hispania aliyeugua tangu utotoni kwa sababu ya badiliko moja katika chembe iitwayo TLR7. Chembe hiyo ni kama askari wa lindo: kazi yake ni kutambua virusi. Ya msichana huyo ilikuwa nyepesi mno, ikapiga king'ora hata kwa vitu vya mwili wenyewe. Panya waliopewa badiliko hilo nao wakaugua.

TLR7 imo katika kromosomu X, ambayo mwanamke anazo mbili, moja ya mama na moja ya baba. Wanaomlaumu mama peke yake wamesahau hesabu hiyo.

Binti mwenye maumivu ya viungo yasiyokwisha, vipele mashavuni, miguu iliyovimba au mkojo wenye povu apelekwe hospitali mapema, kabla figo hazijaharibika. Dawa kuu ni haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini iliyozoeleka zamani kwa malaria. Kwa kawaida hata mja mzito huendelea kuimeza, chini ya uangalizi wa daktari.