Mkufunzi wa Urubani Hapimwi kwa Saa Zake za Kuruka

Mpango wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) wa kufundisha marubani hapa hapa nchini umewafurahisha wengi, na ni haki yao kufurahi. Kwa miaka mingi kijana wa Kitanzania aliyetaka kurusha ndege mara nyingi alilazimika kwenda kusoma nje, kwa gharama ambayo mkulima wa viazi wa Lugarawa, hapa kwetu wilayani Ludewa, hawezi hata kuiota. Lakini katika mazungumzo yote hayo kinachohesabiwa ni majengo, ndege za mafunzo na fedha za EASTRIP, mradi wa kukuza ujuzi Afrika Mashariki, zilizotokana na mkopo wa Benki ya Dunia. Yule atakayekaa kiti cha pili, mkono tayari kuushika usukani mwanafunzi akikosea, hatajwi. Hoja yangu leo ni moja tu: kurusha ndege ni kazi, na kumfundisha mwingine airushe ni kazi nyingine yenye kanuni zake. Anayenunua ndege kabla ya kuandaa wakufunzi ameanzia mwisho.

Kanuni hizo zimelipiwa kwa damu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la anga la Uingereza lilipoteza vijana wengi mafunzoni, kabla hawajamwona adui. Waliowafundisha mara nyingi walikuwa marubani waliorudishwa kutoka Ufaransa kupumzika, wamechoka, wengine hawataki hata kuisikia kazi ya ualimu. Ngurumo ya injini ilizima sauti, hivyo mafunzo hewani yalikuwa ya ishara za mikono na makofi ya mgongoni. Kilichoogopwa, mwanafunzi alikatazwa kukigusa. Mwishoni mwa 1916 afisa mmoja, Robert Smith-Barry, ambaye mwaka 1914 alivunjika miguu yote miwili katika ajali ya ndege, alikabidhiwa kikosi cha mafunzo pale Gosport, kusini mwa Uingereza, na mwaka 1917 kikawa shule maalumu ya kuwafundisha walimu. Alichagua ndege aina ya Avro 504 yenye usukani kwenye viti vyote viwili. Akamweka mwanafunzi kwenye kiti cha rubani tangu siku ya kwanza, mwalimu akakaa kiti cha abiria. Akaweka mpira wa kupitishia sauti, kutoka mdomoni mwa mwalimu hadi kwenye kofia ya mwanafunzi, ili kila tendo lipewe sababu palepale linapotendeka. Utaratibu huo ulisambaa kutoka Uingereza hadi nchi nyingine, na shule za urubani za leo bado zinaishi ndani yake.

Kubwa kuliko yote, Smith-Barry aliondoa lile katazo la kugusa kinachoogopwa. Chukua mfano wa ndege inayopoteza mwendo, bawa moja likaishiwa nguvu kabla ya jingine, ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama pia. Mkono wa mtu mwenye hofu huuvuta usukani kifuani ili pua ya ndege inyanyuke, na kuvuta huko ndiko kunakoiweka ndege katika mzunguko. Dawa yake ni kinyume cha silika: kukanyaga pedali ya upande usiozungukiwa, kuusukuma usukani mbele, kusubiri mzunguko ukome na mwendo urudi, kisha kunyanyuka taratibu. Hakuna awezaye kuyajua hayo kwa kukatazwa. Smith-Barry aliagiza mwanafunzi apandishwe juu ya kutosha, aingizwe katika hatari hiyo kwa makusudi, na ajitoe kwa mikono yake mwenyewe mwalimu akiwapo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alikuwa ameshaeleza mambo matatu yanayofanya funzo likae: utayari wa anayejifunza, mazoezi, na matokeo anayoyaona baada ya kutenda. Vitabu vya wakufunzi wa urubani vimeyachukua hayo na kuongeza mengine, likiwamo hili: kinachofundishwa kwanza ndicho kigumu kufutika. Sisi hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi, kisha tukafanya msemo huo kuwa kibali cha kiboko. Tungeutafakari vizuri tungeogopa, kwa sababu mtoto anayeanza masomo kwa hofu, hofu hiyo ndiyo itakayokaa.

Atatokea wa kupinga: hewani hakuna mzaha, kosa moja huua, na mwalimu mpole ataleta misiba. Sisi wa Ludewa hatuhitaji kufundishwa uzito wa ajali ya angani. Oktoba 2015 tulimzika mbunge wetu, Deo Filikunjombe, aliyefariki kwa ajali ya helikopta katika Pori la Akiba la Selous. Lakini ukali wa utaratibu ni kitu kimoja na kumtisha mwanafunzi ni kitu kingine. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa kisiwa cha Tenerife, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana uwanjani na watu 583 wakafa. Nahodha wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, alikuwa miongoni mwa wakufunzi wakuu wa shirika lake. Alianza mbio za kuruka kabla waongoza ndege hawajamruhusu. Mhandisi wake aliuliza kama ile ndege ya Pan Am haijatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka, na hakuna aliyeuliza tena. Heshima ya mkubwa ilifunga midomo. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Mwanafunzi aliyezoeshwa tangu darasa la kwanza kwamba mwalimu hakosei atakuwa rubani msaidizi anayenyamaza huku akiiona hatari.

Mwingine atasema ualimu ni kipaji, na nahodha mwenye maelfu ya saa za kuruka anatosha. Saa hizo ni hazina, sikatai. Lakini aliyezoea hutenda bila kufikiri, na asiyefikiri anachotenda hawezi kukigawa vipande vya kumfaa anayeanza. Ndiyo maana mkufunzi huhitaji kibali chake mwenyewe juu ya leseni ya urubani, na kabla ya kukipata huonyesha kwamba anajua kupanga somo, kuuliza swali, kusahihisha bila kudhalilisha na kupima uelewa. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la fedha: mkufunzi mzuri huondoka mara shirika la ndege likimwita kwa mshahara mkubwa. Ni kweli, na dawa yake ni kumlipa na kumheshimu kama mtaalamu, asichukuliwe kuwa kijana anayetafuta saa za kuruka. Afrika Mashariki ilikwisha kuwa na shule ya pamoja huko Soroti, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 shule ikabaki kwa Uganda. Ndege zinaweza kununuliwa tena. Kizazi cha walimu kikitawanyika, huchukua miaka mingi kukijenga upya.

Kwa hiyo ninawaomba wabunge wetu na wote wanaofuatilia NIT: mkiulizia idadi ya ndege, ulizieni pia idadi ya wakufunzi waliofundishwa kufundisha, mishahara yao, na nani anawakagua wakiwa kazini. Na kwa walimu wa Lugarawa, Mlangali na Mawengi: rubani wa kesho yuko darasani kwenu leo. Mwacheni aulize, na akikosea hesabu ubaoni, mpeni chaki airekebishe mwenyewe.