Chai ya Kijani Yenye Harufu ya Matunda



Mama mmoja mjamzito wa hapa Mapendo alipimwa damu, ikaonekana ni kidogo. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, naye akavimeza kila siku bila kukosa. Baada ya mwezi akapimwa tena, na damu ilikuwa haijaongezeka. Nikamwuliza, "Mama, vidonge unavimeza na nini?" Akajibu kwa furaha, "Na chai ya kijani yenye harufu ya matunda. Nimeambiwa inaongeza damu." Pakiti ile ndogo aliinunua kwa bei kubwa, hata akapunguza pesa ya maharagi ya watoto.

Vidonge vilikuwa vizuri. Chai nayo haikuwa mbaya. Kosa lilikuwa kuvitia tumboni pamoja. Basi, na tujifunze chai hii ni nini, jinsi ya kuitengeneza nyumbani kwa fedha kidogo, na saa ifaayo kuinywa.

Chai ya kijani ni nini?

Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka katika mti mmoja. Majani ya chai nyeusi huvunjwavunjwa na kuachwa hewani mpaka yageuke rangi. Ya kijani hupashwa moto upesi baada ya kuchumwa ili yasigeuke, kisha hukaushwa. Chai imelimwa katika milima ya Kivu tangu siku za Wabelgiji, na ng'ambo ya mpaka, upande wa Gisenyi, kuna mashamba ya Pfunda. Lakini chai tunayoizoea sisi ni nyeusi, kwa hiyo ya kijani sharti itafutwe dukani.

Kwenye sanduku tafuteni maneno ya Kifaransa "thé vert". Mkiona neno "aromatisé", maana yake harufu imetiwa, wala si lazima tunda liwemo. Nunueni ile isiyotiwa harufu, nanyi mtie yenu wenyewe kwa matunda ya sokoni.

Jinsi ya kuitia harufu

Twaeni malimau au machungwa. Yaosheni kwa maji safi na kuyasugua, maana maganda huweza kuwa na dawa ya shambani. Kwa kisu kikali chuneni ganda la juu tu, lenye rangi. Weupe wa ndani uacheni, kwa kuwa ni mchungu. Kateni vipande vyembamba, vitandazeni juu ya ungo safi, na kuvifunika kwa kitambaa chepesi kuzuia inzi na vumbi.

Anikeni juani, na usiku ingizeni ndani. Mvua ikizidi, malizieni karibu na mbabula, lakini nje au mlango ukiwa wazi, kwa maana hewa ya makala isiyoonekana huua watu nyumbani. Ganda liko tayari likivunjika kama kijiti kikavu. Likipindika tu, bado lina maji, nalo litaleta ukungu. Ukungu ukionekana, tupeni yote, msichaguechague.

Changanyeni vijiko 4 vya majani ya chai, kijiko 1 cha maganda makavu, na nusu kijiko cha mchaichai mkavu, kama mnao. Tieni katika chupa kavu yenye kifuniko, mwache siku 3 ili harufu iingie. Marakuja usiitie katika chupa, kwa kuwa ina maji mengi. Maji yake yakamuliwe kikombeni wakati wa kunywa.

Maji yachemke kwanza

Mwezi wa Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi katika Goma na kambi za kando yake. Maji ya ziwa huweza kuonekana maangavu katika bidoni, kumbe vijidudu vya ugonjwa vimo.

Chai ya kijani haipendi maji ya moto mkali, kwa maana hutoka chungu. Wengine wakisikia hayo huepua sufuria kabla maji hayajachemka. Hapo ndipo hatari ilipo! Maji yachemke kwa nguvu dakika nzima. Kisha yaepueni, yafunikeni, ngojeni kama dakika 5, ndipo myamimine juu ya majani. Kijiko 1 kidogo chatosha kikombe kimoja. Baada ya dakika 2 au 3 chujeni. Kwa kuwa harufu ni tamu, sukari kidogo yatosha.

Saa ya kunywa

Ndani ya chai, ya kijani na nyeusi pia, mna kitu kinachoshika madini ya chuma ya chakula na ya vidonge, hata mwili usiyapate yote. Kwa hiyo angalieni:

1. Vidonge vya chuma vimezwe kwa maji safi. Chai ingoje saa mbili nzima.

2. Baada ya kula maharagi au sombe, ngojeni saa nzima. Lakini limau likikamuliwa juu ya chakula husaidia mwili kuyapata madini hayo.

3. Mtoto asiyetimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, wala si chai, hata kijiko kimoja. Watoto wadogo pia chai haiwafai.

4. Mama mjamzito anywe kidogo. Naye akosaye usingizi asinywe jioni.

5. Chai hii ni kinywaji, si dawa. Mwenye ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu asiache dawa zake kwa ajili yake.

Mama yule akaanza kumeza vidonge kwa maji asubuhi, na chai akainywa alasiri, mbali na chakula. Maganda hukausha mwenyewe, na pesa ya maharagi imerudi mahali pake. Alipopimwa tena, damu ilikuwa imepanda.

Maswali ya kukumbuka

Ganda lililokauka vema hujulikanaje? Kwa nini maji yachemke kwanza, ndipo yapoe kidogo? Nyumbani mwako ni nani anayemeza vidonge vya chuma, naye huvimeza na nini?