Farasi Katika Maisha ya Watu wa Blackfoot

Vijana wengi wamewaona Wahindi wekundu wa Marekani katika sinema, wamepanda farasi, wana manyoya kichwani, wanapiga makelele. Na wengi hudhani kuwa watu hao wamezaliwa juu ya migongo ya farasi tangu dunia kuwako. Jambo hilo silo. Katika bara la Amerika farasi wa asili walikwisha kutoweka zamani sana, yapata miaka elfu kumi iliyopita, na waliokuja kuwarejesha ni Waspania, kuanzia safari ya pili ya Christopher Columbus katika mwaka 1493. Tumependa kuwaeleza wasomaji wetu khabari za watu wa Blackfoot, namna walivyoishi kabla hawajamjua mnyama huyu, na mambo yaliyowafika baada ya kumjua.

Kwanza kuna jambo dogo linalotuhusu. Farasi wa Spania wa zama zile walikuwa wamechanganyika damu na farasi wa Maghribi, walioletwa na Waislamu waliovuka bahari katika mwaka 711. Hata ule mtindo wa kupanda kwa vikuku vifupi, magoti yamekunjwa, Waspania waliupata kwa Wazanata, kabila la Waberberi, na neno lao la kumwita mpanda farasi, jinete, limetokana na jina la kabila hilo. Mtindo huo nao ulivuka bahari kwenda Amerika.

Ama watu wa Blackfoot, wenyewe hujiita Niitsitapi, maana yake watu wa kweli. Ni matawi yenye lugha moja: Siksika, Kainai na Piikani, na hawa Piikani wamegawanyika, wengine wako Kanada na wengine jimbo la Montana, Marekani. Nchi yao ilikuwa ni mbuga pana za majani chini ya milima ya Rocky, tangu mto North Saskatchewan upande wa kaskazini mpaka karibu na mto Yellowstone upande wa kusini. Baridi ya huko si baridi ya kuvaa fulana mbili. Mito huganda ikawa mtu hupita juu yake kwa miguu.

Kabla ya farasi mnyama wao wa kazi alikuwa mbwa. Walimfunga miti miwili mabegani, ncha zake zikiburura chini nyuma yake, wakaweka mzigo juu ya miti hiyo. Mbwa mmoja aliweza kuburura kama ratili 75, na mengine yote hubebwa na binadamu, aghlabu wanawake. Kwa sababu hiyo mahema yao ya ngozi yalikuwa madogo na safari zao fupi, na mzee asiyeweza kutembea alikuwa katika khatari ya kuachwa nyuma. Chakula chao kilikuwa nyama ya nyati wa huko, mwenye nundu na manyoya mazito, na waliwawinda kwa kuwafukuza kundi zima mpaka wakaanguka jabalini. Jabali moja la namna hiyo, liitwalo Head-Smashed-In, liko Alberta, Kanada. Lilitumika kwa muda wa karibu miaka elfu sita, na katika mwaka 1981 UNESCO iliingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia.

Farasi aliwafikia yapata mwaka 1730. Khabari hizo tumezipata kwa mzee mmoja aitwaye Saukamappee, Mkrii kwa kuzaliwa aliyeishi na Wapiikani, ambaye alimsimulia kijana wa Kiingereza, David Thompson, katika majira ya baridi ya mwaka 1787. Alieleza kuwa maadui zao Washoshone walikuwa nao kwanza, wakaja vitani juu ya wanyama waendao mbio ajabu. Baadaye farasi mmoja aliuawa kwa mshale, na watu wakamzunguka wakimtazama kwa mshangao. Walimwona kama kulungu mkubwa aliyepoteza pembe zake, na kwa kuwa alimtumikia mtu kama mbwa, wakampa jina la mbwa. Mpaka hivi leo katika lugha yao farasi huitwa ponokáómitaa, yaani mbwa-kulungu.

Basi mambo yakageuka. Farasi mmoja aliburura ratili 300, akaenda mwendo mara mbili ya ule wa mbwa. Mahema yakawa makubwa, na mzee na mgonjwa wakapata pa kukalia safarini. Mwindaji alichagua farasi mmoja mwepesi asiyeogopa, akamfundisha kumkaribia nyati ubavuni akienda shoti, ili bwana wake apige mshale kwa karibu. Na farasi huyo hakupewa mzigo kamwe. Watoto walijua kupanda wangali wadogo mno, na wavulana ndio waliochunga na kunywesha. Wakati wa theluji, majani yanapofunikwa, farasi walilishwa maganda ya miti ya mabondeni.

Lakini pamoja na farasi ulikuja utajiri, na pamoja na utajiri ukaja umaskini ambao zamani haukujulikana kwa kiasi hicho. Zama za mbwa watu walikuwa karibu sawasawa. Sasa aliyekuwa na farasi 40 au zaidi alikuwa tajiri mkubwa, na jirani yake ana watatu au wanne, nao hawatoshi hata kuhamisha hema lake. Kwani nyumba ya watu wanane ilihitaji farasi kama 12 ili isafiri kwa raha. Hapo ndipo tunapoona jambo la kupendeza katika dasturi zao. Tajiri aliwaazima maskini farasi wa kuhamia na wa kuwindia, na mwazimaji alirudisha farasi pamoja na sehemu ya nyama. Mtu mwenye mali aliyekuwa bakhili hakufuatwa na watu, hata akiwa shujaa namna gani; na asiyefuatwa hakuwa mkuu.

Kijana maskini alikuwa na njia nyingine, nayo ni kwenda usiku kwenye kambi ya kabila adui, kwa miguu, akiwa na kamba mkononi, akakata kamba ya farasi bora aliyefungwa mlangoni pa bwana wake. Wengi hawakurudi. Kwao huo ulikuwa ushujaa. Sisi hatuwezi kuuita hivyo, ila twaona umaskini ulivyowasukuma vijana kwenye kifo.

Balaa kubwa ilitoka kwingine. Ndui iliwapiga katika mwaka 1781, ikarudi mwaka 1837 kwa njia ya merikebu ya moshi iliyopanda mto Missouri, ikaua maelfu. Tarehe 23 Januari 1870, alfajiri, askari wa Marekani chini ya Meja Eugene Baker walishambulia kambi ya mkuu Heavy Runner kando ya mto Marias. Heavy Runner alikuwa mtu wa amani, na karatasi ya serikali ya kumshuhudia hivyo alikuwa nayo; akapigwa risasi. Hesabu ya askari wenyewe ilikuwa watu 173, na waliokufa walikuwa kwa wingi wanawake, watoto na wazee, tena wengi wagonjwa wa ndui. Mahema yakachomwa, farasi wakachukuliwa kwa mamia, na waliosalia wakaachwa watembee katika baridi ile.

Kisha nyati wakamalizwa, kwa kuwa ngozi zao zilitakiwa sana na wenye viwanda. Upande wa Kanada walikuwa karibu wameisha mwaka 1879, miaka miwili tu baada ya mkuu Crowfoot kutia saini Mkataba wa 7. Farasi wa kuwindia walibaki, hakuna cha kuwinda. Upande wa Montana, majira ya baridi ya 1883 hadi 1884, chakula kilichoahidiwa na serikali hakikutosha, na yapata watu 600 wakafa kwa njaa. Mahali walipozikwa wengi wao huitwa Ghost Ridge.

Watu wenyewe hawakutoweka. Mwezi wa Aprili 2016 ndama 87 wa nyati waliletwa kwa Wablackfoot wa Montana kutoka mbuga ya Elk Island, Kanada, nao ni wa kizazi cha nyati waliouzwa huko kutoka Montana tangu mwaka 1907. Na kila mwezi wa Julai, katika mji wa Browning, watu hukusanyika kwa sherehe zao. Katika mashindano yao ya farasi mpandaji mmoja hutumia farasi watatu, bila ya tandiko. Akimaliza mzunguko huruka chini farasi akali mbioni, akamrukia wa pili anayeshikwa na nduguye, akaenda. Watoto wadogo husimama ukingoni wakihesabu ni nani aliyeanguka.