Chanjo ya Begani na Dawa ya Kibofu

Wazazi wa Tarime na Serengeti wanaijua alama ndogo kwenye bega la kulia la mtoto. Ni kovu la chanjo ya kifua kikuu. Chanjo hiyo huitwa BCG.

Asili yake ni ng'ombe. Wataalamu wawili wa Ufaransa, Calmette na Guérin, walikuza vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka 13, mpaka vikapungua nguvu. Chanjo ilianza kutolewa mwaka 1921.

Mwaka 1976 Daktari Alvaro Morales wa Kanada alieleza kuwa BCG hutibu pia saratani ya kibofu cha mkojo ambayo haijazama ndani. Dawa hupitishwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye kibofu. Mgonjwa hukaa nayo kama saa 2, kisha hukojoa. Hufanya hivyo mara moja kwa wiki, kwa wiki 6. Vijidudu huuamsha mwili, nao mwili huishambulia saratani.

Baadaye mkojo huweza kuchoma, na homa ndogo huweza kuja kwa siku moja au mbili. Hayo ni ya kawaida. Lakini mara chache vijidudu huingia katika damu, hasa kama kibofu kina kidonda. Damu huvipeleka kwenye ini, nalo huvimba.

Dalili zake ni hizi:
– Homa isiyokwisha na jasho la usiku.
– Kukonda na kukosa hamu ya chakula.
– Macho kuwa ya manjano na mkojo kuwa mweusi.
– Maumivu chini ya mbavu za kulia.

Homa hiyo hudhaniwa kuwa malaria, na siku zinapotea. Kwa hiyo mgonjwa amwambie mganga wa zahanati: "Niliwekewa BCG kwenye kibofu." Aseme hivyo hata kama miezi mingi imepita. Mganga atampeleka hospitali kubwa, kama Bugando iliyoko Mwanza.

Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu. Lakini dawa moja, pirazinamidi, haiviui vijidudu vya asili ya ng'ombe. Ndiyo maana daktari lazima ajue. Dawa hizo huweza kulidhuru ini pia. Mgonjwa apimwe damu, wala asinywe pombe.

Msiogope chanjo ya watoto. Ni kidogo, na huingizwa kwenye ngozi tu. Mpelekeni kila mtoto akachanjwe.

Maswali
1. Vijidudu hufikaje kwenye ini?
2. Mgonjwa amwambie nini mganga?