Pasi ya Mkaa Inapozidi Moto

Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, nguo zetu katika Mwera ya Pangani hukawia kukauka kambani, na unyevu wa mwisho huondolewa kwa pasi ya mkaa. Hapo ndipo kanzu ya Ijumaa huungua, na pengine hutokea baya kuliko hilo.

Yatupasa kwanza tujue sababu. Pasi huzidi moto ikiwa imejazwa makaa kupita kiasi, au imepepewa bila kupumzishwa, au matundu yake yameelekezwa penye upepo. Dawa yake ni kupunguza makaa kwa koleo, kuikinga na upepo, na kuipitisha juu ya jani bichi la mgomba, ambalo hupunguza joto na kuondoa masizi. Kisha tuijaribu juu ya kitambaa kikuukuu. Pamba huvumilia moto, nailoni huyeyuka.

Lakini lililo zito zaidi ni hili: wengine, kwa kukimbia mvua, hufunga milango na madirisha. Makaa yawakayo hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Apigaye pasi akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, atolewe nje mara moja, kisha apelekwe hospitali. Kumlaza humo chumbani ni kumwangamiza.

Basi na tupige pasi barazani, penye hewa, mbali na watoto. Kanzu iliyoungua hushonwa nyingine; roho haishonwi.