Panya wa NOD na Ishara Zinazochelewesha Kisukari

Mwaka 1980 watafiti wa kampuni ya Shionogi, nchini Japani, walitangaza ukoo wa panya weupe ambao hupata kisukari wenyewe, bila kudungwa sumu yoyote. Wanaitwa NOD. Wakiwa na umri wa wiki nne au tano tu, chembe nyeupe za damu huanza kukusanyika kandokando ya visiwa vya kongosho, zilipo seli beta zinazotengeneza insulini. Panya anaendelea kula na sukari yake iko sawa. Mpaka wiki ya kumi na mbili hivi ndipo baadhi yao, hasa majike, huanza kunywa maji kupita kiasi na matandazo ya kizimba kulowa mkojo.

Kwangu mimi swali zito ni hilo la kuchelewa. Washambuliaji wamefika mapema, nani anawazuia? Seli T, ambazo ni miongoni mwa chembe nyeupe hizo, zina kipokezi kiitwacho PD-1, nacho ni breki. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba breki hiyo ikizibwa, majike ambao hawajaugua hupata kisukari upesi. Baadaye jambo hilohilo likaonekana kwa binadamu: wachache kati ya wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa za kuziba PD-1 hupata kisukari ghafla.

Lakini si kila ishara inasomeka kirahisi hivyo. MyD88 ni protini inayopeleka ndani ya seli habari kwamba bakteria wapo. Mwaka 2008 panya wa NOD waliokosa protini hiyo hawakupata kisukari, na mtu angeharakisha kusema kwamba ndiyo inayochochea ugonjwa. Kumbe walipolelewa bila kijidudu chochote mwilini, waliugua vilevile. Kilichowakinga kilikuwa bakteria wa utumbo, ambao mchanganyiko wa aina zao hubadilika protini hiyo ikikosekana.

Dawa zilizomponya panya huyu ni nyingi, na nyingi zimeshindwa kwa watu. Lakini kingamwili ya kuzuia CD3, sehemu ya kipokezi cha seli T, ilirudisha sukari ya kawaida kwa panya walioanza kuugua, katika utafiti uliofanywa Paris mwaka 1994. Dawa ya aina hiyo, teplizumab, iliidhinishwa Marekani Novemba 2022 kwa wenye umri wa miaka 8 na zaidi walio katika hatua ya pili ya ugonjwa, kabla dalili hazijatokea. Katika jaribio lililoiwezesha kupitishwa, iliahirisha kisukari kwa takriban miaka miwili.